Unayeanza kukamata seli za saratani kwenye damu, anza na mfereji usio na kingamwili husika

Mdogo wangu, ukishapewa benchi na chipu, yaani kibao chenye mifereji midogo ya kupitishia damu, hamu yote ni damu ya mgonjwa. Iache kwanza. Mililita moja ya damu ina chembe nyekundu kama bilioni 5 na nyeupe mamilioni; seli zilizochomoka kwenye uvimbe, zikiwepo, mara nyingi ni za kuhesabu kwa vidole. Chipu iliyotangazwa mwaka 2007 na watafiti wa Massachusetts General Hospital, Marekani, ilikuwa na vinguzo 78,000 vilivyopakwa kingamwili, protini inayonasa shabaha yake, hapa dhidi ya EpCAM, damu ikipita humo polepole, mililita 1 hadi 2 kwa saa. Wengi wakiisoma hiyo 78,000 hudhani siri ni nguzo. Mimi nasema kazi iko kwenye kupaka.

Kingamwili haiijui saratani. Inaijua EpCAM, protini iliyo juu ya seli za epithelia, yaani zinazofunika viungo, ambako saratani nyingi huanzia. Ni sawa na kutumwa Kariakoo kumtafuta mtu usiyemjua, umeambiwa tu kavaa shati la njano. Akilivua, atakupita hivi hivi. Na asiyehusika akivaa njano, utamkamata. Kulivua kupo: baadhi ya seli za saratani hupunguza EpCAM zinapobadilika ili zisambae. Kwa hiyo jaribu kwa seli za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara: MCF-7, yenye EpCAM tele, na pia kwa MDA-MB-231, yenye kidogo. Mtu akikuletea matokeo mazuri ya MCF-7 peke yake, muulize ile nyingine iko wapi.

Kwenye kupaka ndipo Dar inapotutesa. Kwa kawaida unaanza na sileni, kemikali inayoshika kioo, unafuata kiunganishi, halafu nyutravidini, protini inayong'ang'ania biotini, na juu kabisa kingamwili iliyofungwa biotini. Sileni na unyevu haviivi chungu kimoja. Chupa ikitoka kwenye friji ikafunguliwa papo hapo, na joto letu hili la Februari, umande unaingia ndani; sileni inashikana yenyewe kwa yenyewe na kioo kinatoka na ukungu mweupe. Iache chupa ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa. Tena igawe kwenye vichupa vidogo mapema, uwe unafungua kimoja tu. Kingamwili nayo igawe, maana kugandishwa na kuyeyushwa kila mara kunaiua. Umeme ukikatika katikati ya hatua, chipu hiyo itie alama, isiingie kwenye hesabu.

Mapovu nayo ni adui: povu likipita linang'oa seli ulizokwisha kuzinasa. Kabla ya kupaka nyutravidini na kingamwili, jaza mfereji kwa ethanoli kwanza, kisha bafa (kimiminika cha kusuuzia) iliyokaa nje ya friji, kwa sababu bafa baridi hutoa hewa ikipata joto.

Halafu, kila siku ya kazi, pitisha sampuli ileile kwenye mfereji uliopakwa kila kitu isipokuwa kingamwili ya EpCAM, uweke yenye shabaha nyingine isiyohusika. Kinachobaki humo kimenata tu, hakikukamatwa na kingamwili. Kikikaribiana na kile cha mfereji wako halisi, huna matokeo. Rudi kwenye albumini ya kuzibia nafasi zilizo wazi, au ongeza mwendo kidogo. Kwenye hadubini, baada ya kuzitia rangi, tunahesabu seli yenye kiini, yenye keratini (alama ya epithelia), isiyo na CD45 (alama ya chembe nyeupe). Inayong'aa rangi zote ni ya kutilia shaka, hata kama siku hiyo umepata mbili tu na unazitamani ziwe tatu.

Damu yenyewe, ikishapata kibali cha maadili: tyubu ya kwanza iende vipimo vingine, kwani sindano ikitoboa ngozi inaweza kubeba seli za epithelia. Hao ndio wenye njano wasiohusika. Chukua tyubu ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kifuniko cha zambarau, igeuze taratibu, isilale juu ya barafu. Kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani, hadi Mlimani, chuo kikuu, jioni unajua foleni zilivyo, panga asubuhi. Kwenye tyubu iandikwe saa damu ilipotolewa, si ilipopokelewa.

Daktari akikuuliza mgonjwa wake ana ngapi, usimpe namba. Kile kiwango cha seli 5 katika mililita 7.5 kwa saratani ya matiti iliyosambaa ni cha mashine ya CellSearch, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Chipu yako haijapimwa kwa mizani hiyo.