Kiingilio Unga, Mwenye Ukumbi Mfungwa wa Zamani

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mdogo wangu alikaa ndani miaka 3 kwa wizi, sasa katoka, na kuigiza anajua kuliko hao wote wa kikundi cha mtaani kwetu, lakini kila akienda wanamzungusha tu, mara njoo kesho mara nafasi zimejaa. Kuna jamaa kaniambia eti zamani kule Australia wafungwa ndo walikuwa waigizaji, tena mwizi mmoja maarufu wa mifukoni akawaandikia shairi la ufunguzi. Kweli hiyo au kanipiga fiksi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hajakupiga fiksi ndugu yangu, ila kwenye shairi hapo kalishwa matango pori.

Waingereza walifika Sydney mwaka 1788 na msafara wa meli 11 ulioleta wafungwa, na mwaka uliofuata tu, tarehe 4 Juni 1789, siku ya kuzaliwa mfalme, wafungwa wakacheza komedi ya George Farquhar. Ukumbi wenyewe kibanda cha udongo, ukutani wamebandika vipande vya karatasi za rangi na mishumaa kama 12 ya bei ya chini kabisa, watazamaji 60 hivi na gavana Arthur Phillip akiwemo. Hapo hakuna aliyeuliza nani ana rekodi gani maana mji mzima ulikuwa wafungwa na walinzi wao, sasa ungemchukua nani?

Lakini habari yenyewe ni Robert Sidaway. Huyu aliletwa kwa wizi, akapata msamaha, akawa muoka mikate, na Januari 1796 akafungua ukumbi wa maigizo wa kwake, yaani bosi kapitia jela na wasanii wake nao ni wafungwa na waliokuwa wafungwa. Gavana John Hunter aliwaruhusu ila kwa onyo, wakileta upuuzi wakarudia, kikundi kizima kinahamishwa mji. Kiingilio cha viti vya bei ya chini shilingi moja, na kwa kuwa pesa taslimu ilikuwa ya shida ukiwa na unga, nyama au pombe ya thamani hiyo unaingia. Inasimuliwa kuna mmoja alimuua mbwa wa kuwindia wa ofisa mmoja, akaiuza nyama kama ya kangaruu! Sijui nani aliila hiyo, Mungu amsamehe.

Na ukumbi haukuponzwa na wasanii, bwana. David Collins, ofisa aliyekuwepo, aliandika kwamba uigizaji wao haukuwa wa kudharau kabisa. Shida ilikuwa nje, watu wakiwa ndani wanacheka huku nyuma nyumba zao zinasafishwa na wezi, mwisho mwaka 1798 Hunter akaamuru ufungwe. Bango lao moja la mchezo wa 30 Julai 1796 bado lipo, ndo karatasi ya zamani kuliko zote zilizochapwa Australia zikabaki, lilikuja kuonekana Kanada wakalirudisha kwa wenyewe 2007.

Sasa huyo mwizi wa mifukoni ni George Barrington. Kweli ujanani aliwahi kuzunguka na kikundi cha waigizaji Ireland, na kweli alipelekwa Australia, ila lile shairi la kwamba tumeiacha nchi yetu kwa faida ya nchi yetu lilitungwa Uingereza wakambandika jina lake ili liuzike. Yeye mwaka ule wa ukumbi alikuwa bize na kazi nyingine, walimfanya mkuu wa polisi wa Parramatta. Ndiyo, mwizi yule yule.

Kwa mdogo wako, mwambie aache kuulizia nafasi. Amwombe kiongozi wa kikundi dakika 5 tu aigize kipande mbele yao wote wamuone, na kama wasiwasi wao ni hela za mlangoni basi aseme mwenyewe mapema kwamba mlangoni hakai.