Usiukaze uzi wa sashiko

Kitambaa changu cha kwanza cha sashiko, ushonaji wa mkono wa Kijapani, nilikishona majuma matatu, nikakiharibu kwa kukifua siku moja. Kilipokauka kilikuwa kimejikunja pembe zote. Sikuwa nimekifua kabla ya kuanza, hivyo pamba ikarudi; na uzi nao nilikuwa nimeukaza kila mshono, kwa kudhani kukaza ndiyo umahiri.

Sashiko ni bandi. Bandi ile ile fundi anayoipiga kushikiza nguo kabla ya cherehani, ila Wajapani huiacha iwe pambo. Ilianza kwa shida. Kule Tsugaru, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Honshu, enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) wakulima walikatazwa kuvaa nguo za pamba, wakabaki na katani (nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, si mkonge) iliyotiwa nili, na katani haizuii baridi ya theluji. Wanawake wakaijaza nyuzi mshono kwa mshono, wakihesabu nyuzi za kitambaa kwa witiri: moja, tatu, tano. Mtindo huo huitwa kogin, na mimi kila nikiutazama huona kwanza mabega yaliyokuwa yanatafuta joto, ndipo nione urembo.

Kwa hiyo, wewe unayeanza: fua kitambaa, kikaushe, kipige pasi, ndipo uchore. Anza na mistari iliyonyooka. Tunga mishono minne mitano kwenye sindano ndefu kabla ya kuvuta, maana ukivuta mmoja mmoja mstari utapinda. Mshono wa juu uwe mrefu kidogo kuliko wa chini, kama punje ya mchele.

Kisha jambo lililonigharimu. Kila ukishavuta uzi, pitisha kidole gumba na cha shahada juu ya mishono, ukikinyoosha kitambaa hadi uzi ulegee. Wenyewe huita itokoki. Ukifika pembeni unapogeuza, acha kitanzi kidogo upande wa nyuma. Kitaonekana kama uzembe, kiache. Na katika asanoha, nakshi ya jani la katani, mistari inapokutana usipitishe uzi mmoja juu ya mwingine. Acha kitobo kidogo katikati. Pasipo kitobo hicho panatokea kifundo, na jani zima linapoteza ncha zake.

Kitambaa cha pili nilikifua usiku, nikaamka alfajiri kukitazama kambani. Kilikuwa kimelala sawasawa, na vile vitanzi vya nyuma vilikuwa vimeisha.