Re: Bel Air ya 1957 ya milango minne, ni kweli ni adimu?

Mkuu, huyo muuzaji anayekuambia Bel Air (gari la Kimarekani la Chevrolet) ya milango minne ni "adimu" anakuchezea na neno hilo. Mwaka 1957 Chevrolet walitoa Bel Air sedani za milango minne zaidi ya 250,000, wakati zile za milango miwili zenye paa la kukunja zilikuwa kama 47,000 tu. Ya milango minne ndiyo ilikuwa gari la baba mwenye familia: watoto nyuma, mizigo kwenye buti, basi.

Ni kweli nyingi zimekwisha. Zilitumika mpaka zikachoka, halafu zikachinjwa spea ili kufufua za milango miwili. Lakini kubaki chache hakupandishi bei kama wanunuzi hawazitaki, na wakusanyaji wengi wanataka ile waliyoitamani ujanani. Hiyo ilikuwa na milango miwili.

Ila angalia kama ina nguzo katikati ya milango. Isiyo na nguzo, vioo vyote vikishuka pembeni panabaki wazi kabisa, inapendwa zaidi kidogo. Na siyo kila milango minne inadharauliwa: Lincoln Continental ya 1961 ya paa la kukunja, milango ya nyuma inafunguka kinyume, inagombaniwa.

Usilipe bei ya milango miwili. Gharama ya kunyoosha bodi na kuondoa kutu ni ileile, huku milango ya nyuma ikikusumbua kuipata. Kama unataka kupanda na wanao Jumapili, chukua, mimi ningechukua. Kama unatafuta faida, achana nayo.