Maswali ya Wasomaji: Hasira za Watazamaji wa The 100

Tangu safu hii iigusie tamthilia ya The 100, barua zimemiminika, na karibu kila moja inabishana na nyingine. Kwa asiyeifahamu, hii ni tamthilia ya Kimarekani iliyoonyeshwa na kituo cha The CW kuanzia Machi 2014 hadi Septemba 2020, misimu 7 yenye jumla ya sehemu 100 kamili. Miaka 97 baada ya mabomu ya nyuklia kuiteketeza dunia, masalia ya binadamu wanaishi katika kituo cha anga za juu kiitwacho Ark, ambako hewa inakaribia kwisha, na viongozi wake wanaamua kuwateremsha duniani vijana 100 waliokuwa kifungoni ili wajue kama mtu anaweza kuishi huko. Barua nne ndizo nilizozichagua.

*Nimeanza kuitazama kwa sababu rafiki zangu wanaisifu mno, lakini ninachokiona ni vijana warembo wasiochafuka, wakigombania wapenzi msituni. Au tunatazama tamthilia mbili tofauti? – Mtazamaji Mgeni*

Malalamiko yako, ndugu Mgeni, yana umri sawa na tamthilia yenyewe, na sehemu mbili za mwanzo zinastahili kila neno ulilolisema. Hata hivyo, vumilia hadi sehemu ya 5. Bellamy, mmoja wa vijana walioteremka, ambaye ana sababu zake za kutotaka watu wazima washuke, ameitupa mtoni redio ambayo ingewajulisha walioko juu kwamba dunia inakalika. Vijana wanarusha fataki ili waonekane, lakini ishara inachelewa, na kule Ark watu 320 wanakata roho ili hewa iwatoshe waliobaki, baadhi yao wakiwa wamejitolea wenyewe kwa ajili ya watoto wao. Usiku ule vijana wanatazama juu na kuona vimondo vikipita angani, vingi na vizuri mno, kabla Clarke, msichana aliye mhusika mkuu, hajatambua kwamba ile ni miili ya wafu inayorudishwa duniani. Hapo ndipo watazamaji wengi walipokaa sawa vitini, kwa kuwa tangu hapo tamthilia hailifanyi kosa la kijana kuwa jambo la kusameheka kabla ya sehemu inayofuata.

*Tamthilia hii huua watu kila wiki. Finn alichomwa kisu na Clarke aliyempenda, watazamaji wakalia, kisha wakaendelea kutazama. Kwa nini kifo cha Lexa peke yake kilizua ghasia ambayo mpaka leo haijaisha? – Asiyeelewa*

Swali lako lina jibu ndani yake, kwa maana mfano wa Finn ndio unaoonyesha tofauti. Finn, mwingine kati ya wale vijana 100, aliwaua wanakijiji 18 wasio na silaha alipokuwa akimtafuta Clarke. Watu wa ardhini, yaani wale waliosalia duniani miaka yote ile, walidai damu yake, na mateso aliyoandaliwa yalikuwa ya kutisha kiasi kwamba kisu cha Clarke kilikuwa huruma. Kila mtazamaji aliweza kuufuata mnyororo huo, pete kwa pete. Vivyo hivyo mwishoni mwa msimu wa 2, Clarke na Bellamy walipoishika pamoja ile swichi iliyoingiza mionzi ndani ya Mount Weather, ngome ya chini ya ardhi ambayo watu wake hawakuweza kuvumilia hewa ya nje, na kuwaua karibu wakazi wake wote, watoto wakiwemo: tuliona waliokufa mezani, tukaona Clarke akishindwa kuwatazama wenzake aliowaokoa na kuondoka kambini peke yake. Tamthilia ilikuwa imewafunza watazamaji kanuni moja, kwamba kila kifo kina chanzo na kina deni.

Kisha ikaja sehemu ya 7 ya msimu wa 3, tarehe 3 Machi 2016. Lexa, kamanda aliyeziunganisha koo 12 za watu wa ardhini na kunusurika katika vita na hila za kila namna, anauawa chumbani na risasi ambayo haikumlenga yeye. Titus, mshauri wake, alikuwa akimfyatulia Clarke. Kifo hicho kinamjia muda mfupi tu baada ya yeye na Clarke kuwa pamoja kimapenzi kwa mara ya kwanza. Hakuna uamuzi wake uliomfikisha pale. Isitoshe, kwa miaka mingi televisheni ya Marekani ilikuwa na desturi ya kuwaua mapema wahusika wanawake wanaopenda wanawake wenzao, na watazamaji waliojiona ndani ya Lexa walikuwa wameamini kwamba safari hii mambo yatakuwa mengine. Wao hawakuona kifo cha mhusika mmoja, waliona desturi ileile ikirudi kwa mlango wa nyuma.

Watetezi wa tamthilia husema kwamba mwigizaji wake, Alycia Debnam-Carey, alikuwa na kazi katika tamthilia nyingine, na hilo ni kweli. Lakini sababu hiyo inaeleza kuondoka kwake. Haielezi ile risasi. Jason Rothenberg, msimamizi mkuu wa tamthilia, aliandika waraka mwezi uleule akiomba radhi na kukiri kwamba lau angelijua aliyoyajua baadaye, angeliyapanga matukio yale kwa namna nyingine. Kwa upande wao, mashabiki walichanga fedha kwa ajili ya The Trevor Project, shirika la Marekani linalowasaidia vijana wanaopenda watu wa jinsia yao na wengine wa jamii ya LGBTQ wasijiue, na mwaka 2017 kongamano la ClexaCon, lililopewa jina kwa kuunganisha majina ya Clarke na Lexa, likafanyika Las Vegas. Wapo pia waliowatukana waandishi na waigizaji, nami sioni namna ya kuwatetea hao. Ila anayeikusanya hasira yote ya mwaka ule na kuiita matusi ya watoto hakuisoma barua hata moja hadi mwisho.

*Mume wangu hucheka kila tunapoitazama, anasema dunia haiwezi kuwa na misitu ya kijani baada ya vita vya nyuklia. Ni kweli? – Mama Mtazamaji*

Mwambie shemeji kwamba misitu ndiyo isiyo na shida. Sizi 137, mojawapo ya masalia ya nyuklia yanayodumu muda mrefu, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo baada ya miaka 97 hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Kule Chernobyl, nchini Ukraine, ambako mtambo wa nyuklia ulilipuka mwaka 1986, miti na mbwamwitu wapo tele. Angecheka penginepo: wakazi wa Mount Weather wanapoguswa na hewa ya nje hubabuka ngozi ndani ya muda mfupi tu, ilhali nje majani yamestawi na farasi wanakimbia. Mionzi yenye nguvu ya kuunguza ngozi haraka namna hiyo isingeuacha msitu ule ukiwa salama. Watazamaji walilisamehe kosa hilo bila kelele nyingi, kwa kuwa mtu huisamehe fizikia kwa urahisi kuliko anavyomsamehe mhusika anayetenda kinyume na alivyo.

*Nimefika msimu wa 7 nikaambiwa Clarke atamuua Bellamy. Je, niendelee? – Nimechoka*

Pole, ndugu yangu, umeshasimuliwa, basi tuliseme wazi. Katika sehemu ya 13 ya msimu huo, Bellamy amejiunga na waumini wa Cadogan, kiongozi wa madhehebu, na yuko tayari kuwakabidhi daftari la michoro ambalo litamweka Madi, binti wa kulea wa Clarke, hatarini. Clarke anampiga risasi ili daftari lisifike mikononi mwao. Kisha anakimbia na kuliacha daftari palepale, kando ya maiti. Mimi ningeweza kukubali kwamba mama amechagua mtoto mbele ya rafiki wa miaka yote ile, kwani Clarke tuliyemfahamu angeweza kufanya hivyo na angelipia kwa misimu miwili. Lile daftari lililoachwa ndilo lisilomezeka, maana limeondoa hata sababu ambayo mauaji yalifanyika, na zilikuwa zimebaki sehemu 3 tu, muda usiotosha kwa Clarke kubeba deni la namna ile. (Waigizaji wao, Eliza Taylor na Bob Morley, walikuwa wameshafunga ndoa mwaka 2019, jambo lililowapa watazamaji utani wa kujifariji nao.)

Ukiendelea, utamwona tena Alycia Debnam-Carey katika sehemu ya mwisho, ingawa si kama Lexa mwenyewe bali kama kiumbe aliyelitwaa umbo lake, na watazamaji wamegawanyika vikali kama hiyo ni heshima au ni kidonda kilichotoneshwa. Ukiona huna nguvu za mabishano hayo, rudi ukaitazame tena sehemu ya mwisho ya msimu wa 5, ambayo watayarishaji wenyewe waliifunga kwa maneno ya kutangaza mwisho wa kitabu cha kwanza. Clarke na Bellamy wanaamshwa baada ya usingizi wa miaka 125 na kusikiliza ujumbe aliowaachia Monty, mwenzao wa tangu msimu wa kwanza, kisha sayari ngeni inaonekana dirishani. Wengi wameishia hapo kwa hiari yao, na sijapokea barua ya hata mmoja wao akilalamika.