Mama na habari za Panya Road
Dada, unasema tangu mama aanze kusikia habari za Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, adhana ya magharibi ikilia tu anafunga mlango na hatoki tena. Usimcheke. Januari 2015 mitaa mingi ya Dar es Salaam ilikimbia jioni moja, maduka yakafungwa, na mengi yaliyosambazwa kwenye simu yalikuwa uvumi. Tukio moja likisomwa redioni, likarudiwa kwenye runinga, kisha likaletwa na magrupu matatu ya WhatsApp, kichwani linakuwa matano. Mwachie taarifa ya saa mbili usiku tu. Zile sauti za kusambaziwa mfutie. Halafu mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa amuulize mwenyewe: hapa kwetu, mwezi huu, kimeibwa nini? (Na kufuli la geti, kama ni bovu, nunueni jingine.)