Filta Nimefunga, Mbona Maji Bado Yanatoka?

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo lilelile: hewa ya kompresa inaharibu rangi. Nimechagua tano, kwa kuwa moja inaifungulia nyingine njia.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni fundi samani, napuliza klia, ile vanishi isiyo na rangi, kwenye milango na makabati. Nina kompresa ya tangi la lita 100, na filta nimeifunga palepale kwenye koki ya kutolea hewa. Asubuhi kazi inatoka safi. Ikifika saa tano bunduki ya kupulizia inaanza kutema maji na klia inaingia weupe kama maziwa. Nimebadilisha filta mara mbili. Ninunue ya aina gani?

Nzuri, ndugu yangu. Filta ya tatu usinunue. Hiyo uliyonayo huenda ni nzima kabisa, tatizo ni mahali ulipoifunga, na ushahidi umenipa mwenyewe uliposema asubuhi kazi ni safi.

Filta ya maji hunasa matone. Mvuke haiwezi kuunasa, kwa sababu mvuke hupita pamoja na hewa. Asubuhi kichwa cha kompresa na tangi bado ni baridi, kwa hiyo mvuke unageuka maji humohumo tangini na kutulia chini. Kompresa ikishatwanga saa mbili tatu bila kupumzika, tangi linapata moto, na hewa inatoka ikiwa imebeba maji mengi kwa umbo la mvuke. Mvuke huo unaipita filta yako bila kuacha kitu. Ikifika kwenye mpira uliolala sakafuni inapoa, na maji yanazaliwa mle ndani, upande wa pili wa filta. Kutoka hapo njia ni moja tu: kwenye bunduki, kisha kwenye mlango wa mteja.

Tupige hesabu, maana wengi wanadhani ni maji kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 50 inabeba zaidi ya 80. Chukua siku ya nyuzi 30, unyevu asilimia 80, na bunduki inayokunywa lita 300 kwa dakika. Kwa saa moja kompresa imevuta mita 18 za ujazo, zenye gramu 430 hivi za maji. Ukizikandamiza kwa presha ya bar 7 za geji, yaani mara nane ya hewa ya kawaida, zinabaki mita mbili na robo, na nafasi hiyo ndogo ikipoa hadi nyuzi 30 haiwezi kushika zaidi ya gramu 70. Gramu 360 lazima zidondoke. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya lita kila saa unayobonyeza bunduki, na swali ni zidondokee wapi.

Unataka zidondoke kabla ya filta. Kwa hiyo ipoze hewa kwanza. Kutoka kwenye kompresa weka kipande kifupi cha mpira ili mtikisiko usilegeze viungo, halafu ingia kwenye bomba la chuma, shaba au alumini lisilopungua mita 7 au 8. Kama ukuta ni mfupi, lipandishe na kulishusha mara tatu nne, na kila kona ya chini iwe na koki ya kumwagia maji. Mwishoni, karibu na unapopulizia, ndipo filta inakaa, kisha regileta, kile kifaa cha kupunguza presha. Filta itangulie regileta, kwa sababu presha ikiwa juu ndipo maji mengi zaidi yanakuwa yametengana na hewa. Bomba linalolala lielekee kwenye koki ya maji, na tawi la kushukia kwenye bunduki litokee mgongoni mwa bomba kuu, kamwe si tumboni, maana maji hukimbilia tumboni.

Kipimo changu ni kiganja. Baada ya saa moja ya kazi mfululizo, shika bomba kandokando ya filta, kisha shika ukuta. Vikilingana, filta inafanya kazi. Bomba likiwa na uvuguvugu, ongeza urefu.

Mabomba ya plastiki ya maji, yale ya PVC, yasiguse hewa ya kompresa. Yakichoka hupasuka vipande vikali vinavyoruka kama risasi. Usinunue usalama nusu kwa sababu duka lina mabomba ya bei rahisi.

Na weupe wa klia una chanzo cha pili. Kama bunduki haitemi tone hata moja na klia bado inaingia weupe, basi ni unyevu wa chumbani: thina ikiruka kwa kasi inapoza uso wa mbao, na umande unatua juu ya klia mbichi. Hapo hakuna filta itakayokusaidia. Tumia thina inayokauka taratibu, au ngoja hewa ikauke. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakifumua mfumo mzima wa hewa kumbe kosa liko kwenye kopo la thina.

Shikamoo fundi. Napaka magari. Boneti nyeusi niliyoisafisha vizuri imetoka na vishimo vidogo vya duara, macho ya samaki, kila mahali. Bosi anasema ni mafuta ya kompresa, mimi nasema ni nta aliyopaka mwenye gari. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Hewa yenyewe itawaamulia. Chukua kioo kisafi, kipanguse kwa kisafishio cha kuondoa grisi kisha kwa kitambaa kikavu. Fungua bunduki isiyo na rangi, ilenge kioo kwa umbali wa shibri moja, pulizia hewa tupu dakika moja nzima. Kisha kiinamishe kioo kwenye mwanga, ukitazame kwa ubavu. Maji utayaona kama ukungu unaotoweka. Mafuta hubaki, yana utando wenye rangirangi, na ukipitisha kidole kinaacha njia.

Kioo kikiwa safi, una haki: silikoni ya nta ndiyo iliyokuharibia. Kikiwa na utando, bosi ana haki. Kompresa ya pistoni inayolainishwa kwa mafuta hutoa ukungu wa mafuta, na pete zikichakaa unazidi. Filta ya kawaida ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) haiuoni ukungu huo. Unahitaji filta ya kuunganisha matone, ile ya maikroni 0.01. Nyuzi zake hushika vitone visivyoonekana, vinagongana, vinakuwa vikubwa, vinateremka chini kwenye kikombe. Isikae peke yake. Tanguliza ya maikroni 5 ichukue kutu na maji mengi, vinginevyo ile nyembamba, ambayo ndiyo ghali, itaziba mapema.

Harufu na mvuke wa mafuta huipita hata hiyo. Huo unanaswa na filta ya mkaa maalumu, inayokaa ya mwisho kabisa, kwenye hewa iliyokwisha kuchujwa na kukauka. Mkaa una tabia moja mbaya: ukijaa hautoi dalili, geji haibadiliki, hewa inapita kama kawaida. Andika tarehe uliyoufunga kwenye mwili wa filta, na uubadilishe kwa saa zilizotajwa na mtengenezaji.

Niliwahi kufunga filta zote hizi kwa mpangilio sahihi na macho ya samaki yakaendelea wiki mbili. Nilihangaika sana, nikarudia mlango mmoja wa gari mara tatu. Mwishowe nikakata kipande cha mpira wa hewa, nikaupasua kwa urefu kwa wembe. Ndani ulikuwa mweusi, unateleza, na nilipouminya kwa kidole gumba mafuta yalijitokeza kama jasho. Mpira ulikuwa umekunywa mafuta kwa miaka na sasa ulikuwa unayarudisha kidogokidogo. Mafuta yakishathibitika, mpira wa zamani utupe siku hiyohiyo unayofunga filta mpya.

Nimefuata njia ya kupoza hewa na maji yamepungua sana. Lakini napiga rangi za kuchanganya na hadena, dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, na siku za mvua bado napata vipovu. Nadhani nimefikia kununua draya, mtambo wa kukausha hewa. Kuna ya punje, ya baridi, ya minara miwili. Nichague ipi?

Umefanya kwa mpangilio unaofaa, dada. Draya inanunuliwa baada ya bomba na filta, wala si badala yake. Na umechagua rangi inayohitaji ukali: hadena ya polyurethane ina kemikali iitwayo isosainati, na isosainati ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi ndani ya rangi. Vipovu vyako ni gesi hiyo ikitafuta mlango.

Kwa karakana inayopiga rangi kila siku, jibu langu ni draya ya baridi. Inafanya kazi kama jokofu: inaipoza hewa hadi nyuzi 3 hivi, maji yanadondoka, kisha hewa inapashwa tena kabla ya kutoka. Rudi kwenye hesabu ya juu. Zile gramu 70 za mvuke zilizobaki kwa saa zinashuka hadi 13 hivi, na bomba lako likiwa na joto zaidi ya nyuzi 3 hakuna tone litakalozaliwa njiani. Kwa lugha ya vipimo vya ISO 8573-1, ambavyo huandika usafi wa hewa kwa tarakimu tatu, yaani chembe, maji, mafuta, draya hiyo pamoja na filta nzuri hukufikisha 1.4.1. Mtambo ukiuzwa kwa maneno matupu bila tarakimu hizo, uliza.

Uipe hewa iliyokwisha kupoa. Ukiiunganisha moja kwa moja na kompresa yenye moto inazidiwa, na utalaumu draya bure. Iwashe dakika chache kabla ya kuanza kazi. Isikae ndani ya chumba cha kupulizia, kwa sababu vumbi la rangi huziba mapezi yake na umeme hauchangamani na mvuke wa thina.

Minara miwili ya punje hukausha hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni kazi nzuri mno, lakini aina isiyotumia joto hula asilimia 15 hadi 20 ya hewa yako ili kukausha mnara mmoja wakati mwingine unafanya kazi. Kwa kompresa ndogo hiyo ni kodi nzito. Ningeishauri pale tu bomba linapopita kwenye baridi ya kugandisha, au watengenezaji wa rangi wanapoidai.

Ile chupa ndogo ya punje za silika inayofungwa chini ya mkono wa bunduki naiheshimu kama mlinzi wa mwisho, hasa kwa mwenye kazi chache kwa mwezi. Itazame rangi yake. Punje za buluu huanza kuwa waridi upande hewa inakoingilia, na mstari huo unapanda taratibu mpaka juu. Ukifika katikati, andaa nyingine. Ukiiwekea maji ya matone, haimalizi hata mlango mmoja.

Baada ya kufunga filta mbili na draya, rangi inatoka chembechembe, kama ganda la chungwa. Geji ukutani inasoma bar 3 ileile. Je, nimenunua filta mbovu?

Umenunua ndogo. Na geji unaisoma wakati bunduki imefungwa, ambapo hewa imesimama na kila kitu kinalingana. Funga geji kwenye mkono wa bunduki, bonyeza kichocheo mpaka mwisho, ndipo usome. Pengine utakuta bar 1 na nusu.

Bunduki nyingi za presha ya chini hunywa lita 250 hadi 400 kwa dakika. Uwezo ulioandikwa kwenye filta kwa kawaida ni wa bar 7. Filta hiyohiyo ukiipitishia hewa ya bar 3 inabeba takriban nusu. Kwa hiyo iliyoandikwa lita 500, ukiifunga baada ya regileta, haitoshi bunduki ya lita 300. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka filta kabla ya regileta. Angalia pia mpira: tundu la milimita 6 linanyonga bunduki, weka 10. Na zile koplingi za kuchomeka haraka, nyingine zina tundu jembamba kuliko mpira wenyewe.

Filta iliyokuwa nzuri ikianza kula zaidi ya nusu bar, badilisha kiini chake. Usikioshe kwa thina.

Kwa kuwa hewa yangu sasa ni safi, naweza kutoa tawi la kuvuta kwenye barakoa?

Hapana, kwa mfumo huu usifanye. Filta ya maikroni 0.01 na ile ya mkaa hazizuii kaboni monoksaidi, na kompresa iliyopata moto kupita kiasi, au inayovuta hewa karibu na moshi wa injini, inaweza kuitoa. Haina harufu wala rangi. Hewa ya kupumua ina mtambo wake, wenye kichujio cha gesi hiyo na kengele ya kuonya. Kama huna mtambo huo, usipige rangi za isosainati ndani ya chumba kilichofungwa. Kama tawi hilo umekwisha kulitoa, ling'oe leo kabla hujapuliza tena.