Ukifika Kingston, Izunguke Sanamu Kabla ya Kusoma Kibao

Mara ya kwanza nilipoingia National Gallery of Jamaica, jumba la taifa la sanaa lililo karibu na bandari ya Kingston, nilifanya kosa ambalo ningependa msomaji aliepuke. Nilipita ukumbi baada ya ukumbi, nikasoma kila kibao, na jioni yake nilipoulizwa nimeona nini nikakosa jibu. Siku mbili baadaye nilirudi nikiwa nimejiwekea sharti la kutazama kazi za wasanii watatu tu, na ushauri wangu wote umetokana na ziara hiyo ya pili.

Anza na Edna Manley. Sanamu yake iitwayo Negro Aroused, yaani Mtu Mweusi Aliyeamka, aliyoichonga kwa mti mwaka 1935, ni kiwiliwili cha mtu mweusi aliyeinua uso kutazama juu. Ukisimama mbele yake tu, unaweza kudhani anasali. Mimi nilipoizunguka polepole, nikisimama kila baada ya hatua mbili, ndipo nilipoona jinsi shingo ilivyojipinda na mikono ilivyo mizito, kana kwamba mtu huyo bado anajinasua kutoka ndani ya gogo lililomzaa. Kibao kisome baada ya hapo. Inafaa pia ujue mapema kwamba mwaka 1937 watu walichangishana fedha ili sanamu hiyo inunuliwe kwa ajili ya umma, na kwamba mwaka uliofuata wafanyakazi wa Jamaika walisimama kudai haki zao katika migomo iliyoitikisa nchi nzima. Kwa kujua hayo, utautazama ule uso ulioinuliwa kwa macho mengine.

Kisha mtafute John Dunkley, aliyefariki mwaka 1947. Alikuwa kinyozi hapo hapo Kingston, na hakusomea uchoraji. Picha zake ni za giza: mimea mikubwa kupita kiasi, miti iliyokatwa ikabaki visiki, na vijia vinavyokwenda mpaka macho yakashindwa kuvifuata. Usizipite haraka kwa sababu hazina rangi za kuvutia. Nilikaa mbele ya mojawapo kwa zaidi ya dakika kumi, na kadiri macho yalivyozoea ndivyo giza lile lilivyoanza kugawanyika, kijani kikajitenga na kahawia, na majani niliyodhani ni doa moja yakawa na mishipa.

Wa tatu ni Mallica Reynolds, anayejulikana zaidi kwa jina la Kapo, kiongozi wa kanisa la Revival, dini ya Jamaika inayochanganya Ukristo na mila za Kiafrika, aliyekuwa mchoraji na mchongaji pia. Yeye na Dunkley walikuwa miongoni mwa wasanii waliojifunza wenyewe, ambao David Boxer, msimamizi wa jumba hili wakati huo, aliwapa heshima yao katika maonyesho ya mwaka 1979. Kwa maoni yangu, hazina kubwa ya jumba hili iko kwao, na mgeni mwenye saa mbili tu azitumie huko.

Kuhusu safari yenyewe, mweleze dereva wa teksi waziwazi kwamba unakwenda mjini kati, upande wa bandari. Jumba lilianzishwa mwaka 1974 katika nyumba ya Devon House na kuhamia lilipo sasa mwaka 1982. Ukiweza, panga ziara yako Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwani kwa miaka mingi imekuwa siku ya kuingia bure, na mara nyingi huwa na muziki au ngoma. Familia nyingi za mji huja siku hiyo, nami nilifaidika sana kwa kusikiliza bibi mmoja akimweleza mjukuu wake picha moja baada ya nyingine.

Ukitoka, usikimbilie gari. Tembea hadi ufukweni, ambako Negro Aroused ile ile imesimamishwa kwa shaba, kubwa kuliko ya mti. Izunguke nayo, ukiwa bado unaikumbuka ile ya ndani. Shaba haina chembe za mti zinazofuata mpindo wa shingo, lakini nyuma ya uso ule kuna anga tupu na upepo wa bahari.